Tasnifu ni ya nani? Haki na wajibu wa mwanafunzi wa uzamili Zanzibar

Mwanzoni mwa tasnifu nyingi zinazowasilishwa katika vyuo vyetu, kabla ya tabaruku na shukrani, kuna ukurasa wa ikirari na hakimiliki. Mwanafunzi anasaini kwamba kazi ni yake na haijapata kuwasilishwa chuo chengine kwa ajili ya shahada. Chini yake huja aya ya kisheria inayokataza kazi hiyo kunakiliwa kwa njia yoyote bila ya idhini ya maandishi. Aghalabu aya hiyo hunyanyuliwa nzima kutoka tasnifu ya mwaka uliopita, ambayo nayo iliinyanyua kutoka ya mwaka uliotangulia. Anayeiandika haisomi, msimamizi haisomi, na mtahini wa nje huipita akaenda moja kwa moja sura ya kwanza.

Ni vyema ikasomwa. Kama inataja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya 1999, basi imetoka Bara, kwani sheria hiyo ni ya Tanzania Bara. Milki bunifu, yaani haki juu ya kazi za akili ya mtu, haimo katika orodha ya Mambo ya Muungano. Zanzibar ina Sheria yake ya Hakimiliki, Namba 14 ya 2003, na afisi yake ya hakimiliki, COSOZA. Ina pia Sheria ya Mali za Viwandani, Namba 4 ya 2008, inayohusu hataza (haki ya mvumbuzi kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wake kwa muda maalumu), alama za biashara na mengineyo, na usajili wake uko kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, BPRA. Hataza au alama iliyosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa Bara, Dar es Salaam, haivuki bahari yenyewe kuja kumlinda mtu Unguja na Pemba. Mwanafunzi wa chuo kikuu Tunguu, hapa Unguja, aliyeweka sheria ya upande wa pili katika kurasa za mwanzo za kazi yake hajapoteza haki yake, maana haki haitokani na ile aya. Alichoonesha ni kwamba suala zima limechukuliwa kuwa pambo la karatasi.

Pambo hilo linatugharimu. Mwanafunzi wa uzamili au uzamivu hapa visiwani mara nyingi si mwanafunzi tu. Ni mtumishi wa Serikali aliyepewa ruhusa ya masomo, au mwalimu wa skuli, au mhadhiri msaidizi. Amelipiwa na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, au na mradi wa chuo cha nje, au na mfuko wake mwenyewe na wa wazee wake. Na anapokwenda kukusanya data Jambiani au Micheweni, ni mgeni wa watu wenye ujuzi ambao yeye hana. Kila mmoja katika hao anaweza kudai kitu siku ya mwisho, na madai yao hayafanani. Ninachoshikilia ni kwamba maandishi ya tasnifu yahesabiwe kuwa mali ya mwanafunzi tangu mwanzo, na mengine yote, yaani data, sampuli, makala na uvumbuzi, yaandikiwe makubaliano kabla ya dodoso la kwanza kujazwa. Tukisubiri hadi tasnifu ijalidiwe, tunakuwa tumeshachelewa.

Tuanze na hakimiliki yenyewe, kwa sababu wengi wanadhani inapatikana kwa kusajili. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994, na chini ya mkataba huo haki ya mtunzi huzaliwa pale kazi inapotungwa, bila ya sharti la usajili, muhuri wala ile alama ya herufi C ndani ya duara. Kiwango cha chini cha ulinzi ni uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwenda COSOZA kuna faida yake, kwani unapata ushahidi wa tarehe na jina utakaokusaidia ukigombana na mtu, lakini asiyekwenda hajaitupa haki yake. Jengine ni kwamba hakimiliki hulinda namna jambo lilivyoelezwa: sentensi, jadweli ulivyoipanga, mchoro, picha, programu uliyoiandika. Hailindi wazo, wala hailindi ukweli. Takwimu kwamba maji ya ghuba fulani yalifika nyuzi 32 hazina mwenyewe. Aya uliyoandika kuzifafanua ina mwenyewe.

Kutokana na hilo, msimamizi aliyekupa wazo la utafiti, akakusahihishia rasimu sita na kukuonesha vitabu vya kusoma, hana hakimiliki ya tasnifu. Hali kadhalika chuo, kwa sababu mwanafunzi si mwajiriwa wake. Bodi ya Mikopo inakudai fedha na utalipa, lakini sura zako haikudai. Penye utata ni kwa mwajiri. Kanuni iliyozoeleka katika sheria za hakimiliki ni kuwa kazi iliyotungwa na mwajiriwa katika kutekeleza ajira yake, haki zake za kiuchumi huwa za mwajiri, isipokuwa mkataba umesema vyengine. Je, afisa aliyepewa ruhusa ya masomo yumo katika kutekeleza ajira anapoandika tasnifu? Kwa maoni yangu hapana, kwani hakuajiriwa ili aandike tasnifu. Ila afisa huyo akiwa wa taasisi ya utafiti wa kilimo Kizimbani, na tasnifu yake ikajengwa juu ya majaribio ya shamba ambayo taasisi iliyaendesha kwa misimu mitatu, basi ile data ni ya taasisi hata kama maandishi ni yake. Anahitaji barua ya kuitumia, na barua hiyo iseme wazi kama anaweza kuichapisha au anaweza kuitumia kwenye tasnifu peke yake. Watu wengi hupata ruhusa ya mdomo ya kuitumia, wakafika kwenye makala wakagundua kwamba bosi aliyetoa ruhusa ameshahamishwa.

Hata pale haki za kiuchumi zinapokuwa za mwengine, haki ya mtunzi kutajwa kuwa ndiye mtunzi hubaki kwake, na Mkataba wa Berne unasema hivyo waziwazi. Mwajiri anaweza kumiliki ripoti. Hawezi kuitoa kwa jina la mtu asiyeiandika.

Majina kwenye makala ya jarida ni suala jengine kabisa, na hapa ndipo uchungu mwingi unapozaliwa. Nani awe mwandishi wa makala haliamuliwi na sheria ya hakimiliki peke yake, bali kwa sehemu kubwa na maadili ya taaluma. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba imeweka masharti manne, na mtu lazima ayatimize yote: awe amechangia kwa uzito katika kubuni utafiti au kukusanya na kuchambua data, awe ameandika rasimu au kuipitia kwa kina, awe ameidhinisha toleo la mwisho, na akubali kuwajibika kwa kazi nzima. Kutafuta fedha pekee hakumfanyi mtu mwandishi. Usimamizi wa jumla haumfanyi, wala ukuu wa idara. Ndugu zetu wa fani za Kiswahili na historia wana desturi tofauti, kwani kwao makala inayotokana na tasnifu mara nyingi hubeba jina moja tu. Mwanafunzi anayefanya utafiti unaogusa fani mbili, mathalan afya na lugha, anaweza kuwa na wasimamizi wawili wenye matarajio yasiyokutana, na hakuna aliyemwambia.

Nataka niwatendee haki wasimamizi pia. Yupo msimamizi aliyebuni swali, akapata fedha, akamfundisha mwanafunzi kutumia vifaa, akakaa naye juu ya uchambuzi wiki baada ya wiki, kisha akaikuta makala imechapishwa jina lake halimo hata kwenye shukrani. Hiyo ni dhuluma sawa na ile ya msimamizi anayeweka jina lake mbele ya la mwanafunzi aliyefanya kazi yote. Dhuluma zote mbili zinatokana na kutozungumza. Mwanafunzi anaona kuuliza ni utovu wa adabu. Vipi amwambie mwalimu wake "tuandikiane"? Kwa hiyo ananyamaza, na mwalimu naye anadhani mambo yanajulikana.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na dawa yake ni fomu. Mwanafunzi asiachiwe mzigo wa kuiomba. Kurugenzi ya masomo ya uzamili iitoe siku msimamizi anapoteuliwa, kama inavyotoa fomu ya usajili, ili ionekane ni utaratibu na isionekane kuwa ni kutoaminiana. Kurasa mbili zinatosha. Ndani yake mnaandika nani anagharamia utafiti na kama ana masharti juu ya matokeo. Mnaandika data ghafi itahifadhiwa wapi, kwa miaka mingapi, na nani ataruhusiwa kuitumia mwanafunzi akishahitimu. Makala ngapi zinatarajiwa, na ya kwanza jina la mwanzo ni la nani. Kwa makala inayotoka moja kwa moja katika tasnifu, jina la mwanzo liwe la mwanafunzi, na atakayetaka vyengine aeleze kwa nini.

Kifungu kinachosahaulika kuliko vyote ni cha muda. Mwanafunzi anahitimu, anarudi kazini Wete au Mkoani, majukumu yanamzonga, makala haiandikwi. Miaka mitatu baadaye msimamizi anaiandika mwenyewe, na ugomvi unaanza. Andikeni mapema: mwanafunzi ana miezi 12 tangu kuwasilisha nakala ya mwisho, ikipita, msimamizi anaweza kuongoza uandishi, lakini jina la mwanafunzi halitoki na lazima aione rasimu kabla haijatumwa. Andikeni pia itakuwaje msimamizi akihama au akibadilishwa, kwa sababu hutokea. Nakala tatu zisainiwe: ya mwanafunzi, ya msimamizi, na ya kurugenzi. Irejewe mara mbili, pendekezo la utafiti likipita na kabla ya tasnifu kuwasilishwa, maana utafiti hubadilika njiani na aliyekuwa msaidizi wa kuingiza data anaweza kuishia kuwa ndiye aliyefanya uchambuzi mzima.

Sasa tuje kwenye hataza, ambako kosa la siku moja haliwezi kurekebishwa. Chukua mfano wa mwani. Zao hili lilianza kulimwa kibiashara mwambao wa mashariki wa Unguja mwaka 1989, na kina mama wa Paje, Jambiani na kwengineko wamekuwa wakitengeneza sabuni ya mwani na mafuta ya nazi kwa miaka mingi. Mwanafunzi wa kemia anayekuja na sabuni ya mwani hana uvumbuzi wa kukatia hataza, kwani sabuni hiyo inajulikana. Mwani wenyewe nao, kama ulivyo baharini, haukatiwi hataza, kwa kuwa ni kitu cha maumbile. Lakini tuseme amegundua njia mpya ya kutoa karagini, ile ute unaogandisha vyakula na dawa, kwa maji machache zaidi na bila ya kemikali kali. Hiyo inaweza kuwa uvumbuzi, ikitimiza mambo matatu: iwe mpya duniani kote, isiwe hatua ambayo fundi yeyote wa fani hiyo angeifikia kirahisi, na iweze kutumika viwandani.

Neno zito hapo ni "mpya". Upya hupimwa dhidi ya kila kilichowekwa wazi kabla ya tarehe ya maombi, na kilichowekwa wazi na mvumbuzi mwenyewe kinahesabiwa pia. Bango kwenye mkutano wa kitaaluma linahesabiwa, na hata ikisiri iliyochapwa kwenye kijitabu cha mkutano huo na kusambazwa wiki mbili kabla. Mahojiano ya redio na utetezi wa tasnifu ulio wazi kwa watu wote vinaweza kuiharibu vilevile. Tasnifu yenyewe, ikishawekwa rafu ya maktaba, nakala moja tu, imeshatangazwa, hata kama hakuna aliyeifungua. Marekani humpa mvumbuzi mwaka mmoja tangu alipojitangaza mwenyewe. Nchi za Ulaya hazimpi nafasi hiyo kwa kujitangaza kwa kawaida. Kwa hiyo mtu anaweza kutetea tasnifu Jumatatu, akapongezwa, akapigwa picha mbele ya jadweli yake ya vipimo, na Jumanne haki yake Ulaya ikawa haipo tena.

Utaratibu salama unaanzia kwenye daftari. Liwe daftari lililoshonwa, lisiwe la karatasi za kuchomoa, kurasa zake zimepewa namba, kila siku ya maabara ina tarehe na saini, na kila baada ya muda shahidi anayeielewa kazi lakini hakushiriki kuibuni anasaini pia. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja ili kilichokuwepo kisomeke. Usifute na usichane. Kisha tafuta kama jambo hilo limeshafanywa: Patentscope na Espacenet, hazina za kumbukumbu za hataza za dunia, ziko wazi kwenye intaneti bila ya malipo, na saa chache humo zinaweza kukuokolea mwaka. Ukiona bado lina upya, mwambie msimamizi na afisi ya utafiti ya chuo kabla hujamwambia mtu mwengine yeyote, na maombi yawasilishwe BPRA kabla ya bango na kabla ya utetezi. Tarehe ya maombi hayo inakupa miezi 12, kwa Mkataba wa Paris, ya kuomba nchi nyengine ukihesabiwa kana kwamba uliomba siku ile ile ya kwanza. Ukipitia Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza, unaweza kuvuta hadi miezi 30 kabla ya kuingia gharama za nchi moja moja. Ikiwa utetezi hauwezi kusubiri, omba ufanywe kwa faragha na watahini wasaini hati ya usiri, na tasnifu izuiwe maktaba kwa muda maalumu. Kichwa cha habari cha tasnifu kisitoboe siri, kwa sababu hicho kitatangazwa tu.

Orodha ya wavumbuzi isiandikwe kwa hisani. Mvumbuzi ni aliyechangia fikra ya uvumbuzi wenyewe. Fundi wa maabara aliyefuata maelekezo si mvumbuzi, na mkuu wa idara aliyetoa chumba si mvumbuzi, lakini mama wa mwani aliyekuonesha kwamba kuloweka kwanza kwa namna fulani kunabadilisha ute huenda akawa ni mvumbuzi mwenza. Kumwacha anayestahili au kumtia asiyestahili kunaweza kuiangusha hataza mbele ya mahakama.

Pamoja na yote hayo, siamini kwamba wanafunzi wengi wanahitaji hataza. Hudumu miaka 20, lakini ina ada za kuihuisha, inahitaji wakili anayejua kuandika madai ya hataza, yaani maelezo ya kipi hasa kinalindwa, na mwenye nayo ndiye anayepaswa kumfuatilia anayeivunja. Kwa kikundi kinachouza bidhaa za mwani, alama ya biashara iliyosajiliwa vizuri BPRA inaweza kuleta manufaa ya haraka na ya muda mrefu zaidi, kwa sababu huhuishwa tena na tena bila ya kikomo. Vyuo visihesabu mafanikio kwa idadi ya hataza.

Ukishamaliza tasnifu, utatia saini karatasi nyengine yenye uzito kuliko ile ya ikirari, nayo ni mkataba wa jarida. Majarida mengine yanakuomba leseni ya kuchapisha na hakimiliki inabaki kwako. Mengine yanakuomba uwahamishie hakimiliki yote. Kisanduku ni kimoja, kinabonyezwa kwa sekunde moja usiku ambao barua ya kukubaliwa imeingia na furaha imekujaa. Kabla hujabonyeza, angalia unaruhusiwa kuweka nakala gani kwenye hazina ya chuo (kwa kawaida ni ile iliyokubaliwa kabla ya kupangwa na mchapishaji) na baada ya miezi mingapi, na kama michoro yako unaweza kuitumia tena bila ya kuiomba. Kisha uliza habari ya tafsiri, jambo ambalo nadra kuliona likiulizwa. Haki ya kutafsiri ni sehemu ya hakimiliki. Ukiihamisha yote kwa mchapishaji wa nje, kijitabu cha Kiswahili ulichowaahidi wakulima wa mwani au wakunga wa Chake Chake kitahitaji ruhusa yake ikiwa ni tafsiri ya makala ile. Umekusanya maneno yao kwa Kiswahili, ukayaandika kwa Kiingereza, na sasa huna mamlaka ya kuwarejeshea kwa lugha yao. Andika sentensi moja kwa mhariri kuomba haki ya tafsiri ya Kiswahili ibaki kwako. Wahariri wengi hawana sababu ya kukataa. Ukipewa uchaguzi wa leseni huria, ujue inayoruhusu matumizi yote kwa sharti la kutajwa inaruhusu pia tafsiri, na yenye kipengele cha kuzuia kazi mpya zisitengenezwe kutokana nayo hairuhusu.

Barua pepe zinazokuja wiki chache baada ya mahafali, zikiomba kuichapa tasnifu yako kuwa kitabu bila ya gharama, zisomwe kwa tahadhari hiyo hiyo. Wachapishaji wa namna hiyo hawapitii kazi kitaaluma, huweka bei ambayo hapana msomaji wa hapa atakayeilipa, na mkataba wao unaweza kukuzuia kuitoa kazi hiyo pengine.

Mpaka hapa nimesema zaidi juu ya haki. Wajibu unaanzia kijijini. Mwanafunzi wa fasihi simulizi anayemrekodi bibi Makunduchi akiimba nyimbo za Mwaka Kogwa ana haki juu ya uchambuzi wake, lakini sauti ile ni ya mwimbaji, na mwimbaji ana haki ya kukataa isirekodiwe wala kusambazwa bila ya idhini yake. Kosa la kawaida ni saini moja kwa kila kitu. Bibi anasaini kukubali mahojiano, na baada ya mwaka wajukuu wanamkuta kwenye intaneti. Fomu ya ridhaa itenganishe mambo, kila moja na nafasi yake ya ndiyo au hapana: mahojiano, kurekodi sauti, picha, kutajwa jina, kuhifadhiwa kwenye nyaraka, kuwekwa mtandaoni. Isomwe kwa sauti, kwa Kiswahili cha pale, na nakala ibaki kwa mwenyewe.

Hilo la kutajwa jina linahitaji kufikiriwa upya. Kanuni za maadili ya utafiti wa afya zimetuzoesha kuficha majina yote, na kwa mgonjwa ni sawa kabisa. Lakini mganga wa Micheweni anayeeleza mmea, sehemu inayotumika, namna ya kuchemsha na kipimo, akiishia kuandikwa "mtoa taarifa namba 7", amenyang'anywa sifa ya ujuzi wake kwa jina la kumlinda. Muulizeni anataka nini. Muulizeni pia kipi hataki kitoke, kwa sababu ujuzi ukishachapishwa hauwezi kurudishwa, na kampuni yoyote duniani itausoma. Itifaki ya Nagoya ya 2010 inataka ridhaa na mgao wa manufaa pale rasilimali za kibaiolojia na ujuzi unaoambatana nazo zinapotumiwa. Mkataba uliopitishwa Geneva mwezi Mei 2024, unaohitaji kuridhiwa na nchi 15 ili uanze kutumika, unawataka waombaji wa hataza waseme rasilimali na ujuzi waliotegemea vimetoka wapi. Mwanafunzi anayepeleka majani au sampuli za damu kwenye maabara ya nje asizifunge kwenye begi. Aandike mkataba wa kuhamisha sampuli unaosema zitapimwa nini, nani atabaki nazo, zitateketezwa lini, na kwamba matumizi mapya yataombewa ruhusa mpya.

Kuna pia wajibu kwa kazi za wengine wa taaluma. Kumtaja mwandishi hakukupi ruhusa ya kuchukua ramani au picha yake nzima. Nukuu fupi kwa lengo la uchambuzi ndiyo inayokubalika. Na kuichukua aya ya kitabu cha zamani ambacho hakimiliki yake imeshaisha, bila ya kutaja, hakuvunji hakimiliki lakini ni wizi wa kitaaluma vilevile, na chuo kinaweza kukufutia shahada kwa hilo. Dodoso nalo lina mwenyewe. PHQ-9 ya kupimia sonona hutumika bila ya kuomba ruhusa, lakini vipimo vingine vinahitaji leseni na wenyewe hufuatilia, kwa hivyo uliza kabla ya kutafsiri. Ramani ya OpenStreetMap ni bure, kwa sharti la kuitaja, na ukitengeneza hazina mpya ya data kutokana nayo ukaisambaza, nayo uiache wazi kwa leseni ile ile. Programu ya takwimu iliyovunjwa kufuli, inayopitishwa kwa flashi kutoka mkono hadi mkono, haina udhuru tena: R, QGIS na KoboToolbox zinapatikana bila ya malipo na zinafanya kazi ya tasnifu nyingi za hapa.

Mgogoro ukitokea pamoja na tahadhari zote, usianzie kwenye mitandao. Mwandikie msimamizi kwanza, kwa adabu na kwa maandishi, ukieleza kifungu gani cha makubaliano kimevunjwa na unataka nini kirekebishwe: jina liongezwe, mpangilio ubadilishwe, au makala isimamishwe. Asipojibu kwa muda uliomwekea, peleka kwa mkuu wa idara na kurugenzi ya uzamili. Makala ikiwa imeshatumwa, mwandikie mhariri wa jarida, kwani jarida makini husimamisha uchapishaji hadi waandishi wakubaliane. COSOZA na mahakama ni kwa pale kazi iliyoandikwa na wewe imenakiliwa kweli, si kwa ugomvi wa nani alipata wazo kwanza. Na popote utakapofika, watakachokiangalia ni rasimu zenye tarehe, barua pepe ulizozihifadhi nje ya akaunti ya chuo ambayo itafungwa ukihitimu, daftari la maabara, na ile fomu ya kurasa mbili yenye saini mbili.